Simama Ukamlipe: Suluhu ya Deni Haiishii Kwenye Kupeana Mikono

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tumekusudia kulizungumzia jambo lililoingia katika nyumba nyingi na kuzitoa amani. Nalo ni la mtu aliyekubali suluhu ya deni, akapunguziwa au akapangiwa kulipa kidogo kidogo, kisha akalipa awamu mbili tatu na kunyamaza. Mdai afanye nini? Aendelee kusubiri? Aende mahakamani? Na akienda, je, atakuwa amevunja udugu wa Kiislamu na kuitupa ile suluhu iliyosifiwa na Qur'ani?

Maswali haya huletwa kwetu mara kwa mara, na aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba mwenye haki ndiye mwenye kosa. Kabla ya kuyajibu, inatupasa kwanza tukiri kosa letu wenyewe.

Kosa tulilolifanya msikitini

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja mjane wa hapa Dar es Salaam alitujia baada ya kumaliza eda. Marehemu mumewe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kwa ushirika na rafiki yake wa siku nyingi, mtu wa safu ya mbele, anayejulikana na kuheshimiwa na jamaa wote wa msikiti. Mahesabu yalipopigwa ikadhihirika kwamba mshirika yule anadaiwa na marehemu shilingi milioni 48. Hakukanusha. Alisema tu kwamba fedha zimo ndani ya bidhaa, na kwamba biashara imekuwa ngumu.

Tukakaa wazee watatu baada ya Swala ya Isha, mama yule na mshirika wakiwa mbele yetu. Tukamwomba mama apunguze kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Alitutazama kwa muda, kisha akasema: "Mashekhe, kama ninyi mmeona hivyo, mimi nitasema nini?" Deni likashuka hadi milioni 36, zilipwe milioni 3 kila mwezi kwa miezi 12. Tukaandika karatasi moja, tukatia saini, tukasoma Fatiha, tukapeana mikono. Tulirudi majumbani tukiwa radhi na nafsi zetu.

Miezi minne mshirika alilipa. Mwezi wa tano alitoa udhuru wa ugonjwa, wa sita alisema mzigo umekwama bandarini, na wa saba akaacha kupokea simu. Mama alipotujia na kusema kwamba anataka kwenda mahakamani, tulimwambia avute subira, kwani haipendezi mambo ya Waislamu kupelekwa mbele ya hakimu. Akasubiri karibu mwaka mzima. Katika mwaka huo watoto wake wawili wadogo waliondolewa shule waliyokuwa wakisoma kwa kukosa ada. Na katika mwaka huo huo mshirika yule alionekana na lori jipya aina ya Fuso, lililoandikwa "Alhamdulillah" kwenye kioo cha mbele.

Hapo ndipo tulipozinduka. Tulipolipima jambo lile kwa elimu tuliyoisoma tukaona tumekosea mara tatu. Kwanza, tulisamehe kisichokuwa chetu wala si cha mama peke yake, kwa kuwa deni la marehemu ni mali ya warithi, na miongoni mwao walikuwamo mayatima wawili wasiofikia baleghe. Pili, tuliandika karatasi isiyokuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mwenye haki alipotaka kuifuata haki yake, sisi ndio tuliomfungia mlango.

Suluhu ina nusu mbili

Hapana shaka kwamba suluhu ni jambo tukufu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 128, Mwenyezi Mungu Mtukufu anasema katika habari za mke na mume kwamba suluhu ni heri, na wanazuoni wameichukua kauli hiyo kuwa ni msingi wa mambo mengine pia. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ameijuzisha suluhu baina ya Waislamu, isipokuwa ile inayoharamisha halali au kuhalalisha haramu.

Lakini tazameni jinsi yeye mwenyewe alivyosuluhisha. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Kaab bin Malik (R.A.) alimdai Ibn Abi Hadrad (R.A.) deni lake ndani ya Msikiti wa Mtume, sauti zao zikapanda mpaka zikamfikia Mtume (S.A.W.) akiwa nyumbani kwake. Akafunua pazia la chumba, akamwita Kaab na kumwashiria kwa mkono apunguze nusu ya deni. Kaab akaitika papo hapo. Kisha Mtume (S.A.W.) akamgeukia mdaiwa na kumwamuru asimame akalipe.

Hadithi hii husomwa sana katika vikao vyetu vya usuluhishi. Lakini tunavyoisoma sisi, mara nyingi tunaishia pale Kaab aliposamehe nusu. Tunamgeukia mdai na kumwomba apunguze, tena tunamsifu kwa ukarimu wake, kisha tunafunga kikao. Ile nusu ya pili, ya kumgeukia mdaiwa na kumwambia "simama ukamlipe", tunaiacha mlangoni pamoja na viatu. Suluhu ya Mtume (S.A.W.) ilikuwa na maneno mawili, na neno la pili ndilo lililolipa la kwanza thamani yake. Mtu aliyepunguziwa nusu kisha asilipe nusu iliyobaki amekula mara mbili: amekula deni, na amekula pia msamaha aliopewa kwa sharti la kulipa.

Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika aya ya kwanza ya Suratul-Maida tutimize mikataba, na katika Suratul-Israa, aya ya 34, ametutanabahisha kwamba ahadi itaulizwa. Mkataba wa suluhu ni mkataba kama mikataba mingine. Haukuwa mwepesi kwa sababu umeandikwa baina ya ndugu, wala kwa sababu umetiwa saini mbele ya mihrabu.

Kufuata haki si kuvunja udugu

Basi je, mdai akienda mahakamani amekosea? Jibu ni kwamba hakukosea, maadamu anadai haki yake na wala haongezi juu yake.

Mtume (S.A.W.) ameeleza, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba mwenye uwezo anapochelewesha kulipa huwa anadhulumu. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Nasai, ameeleza kwamba ucheleweshaji wa mwenye nacho unahalalisha heshima yake iguswe na yeye mwenyewe atiwe adabu. Maulamaa wamefafanua kwamba maana ya kuguswa heshima ni mdai kusema waziwazi kwamba amedhulumiwa, na kutiwa adabu ni kufungwa kwa amri ya kadhi. Tena mtu mmoja alipomdai Mtume (S.A.W.) mwenyewe kwa maneno makali na Masahaba wakataka kumkemea, aliwazuia na kuwaeleza kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alimpa mdai wake nafasi hiyo, sisi ni nani hata tumnyamazishe mjane?

Katika barua mashuhuri inayonasibishwa kwa Sayyidna Umar (R.A.), aliyomwandikia Abu Musa al-Ashari (R.A.) kuhusu kazi ya ukadhi, limo neno zito sana: kwamba hakuna faida ya kuisema haki ambayo haitekelezwi. Ibn al-Qayyim aliifasiri barua hiyo kwa urefu katika kitabu chake cha I'lam al-Muwaqqi'in. Na katika barua hiyo hiyo suluhu pia imetajwa kuwa inajuzu. Suluhu na utekelezaji vimewekwa mahali pamoja, kwa kuwa kimoja bila ya mwenzake hakikamiliki.

Karatasi ya msikitini na tuzo ya mahakama

Hapa inafaa tueleze jambo ambalo familia nyingi hazilijui mpaka siku ya tatizo. Tanzania Bara haina Mahakama ya Kadhi yenye nguvu ya dola kama ilivyo Zanzibar na Kenya, na hata huko kazi yake kubwa ni mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Kwa hiyo suluhu ya deni inayoandikwa msikitini, au katika baraza la wazee, haiwezi kupelekwa moja kwa moja kwa dalali wa mahakama ili akamate mali. Mbele ya sheria hiyo ni makubaliano, yaani mkataba. Aliyevunjiwa hana budi afungue shauri, alete ushahidi, na asubiri hukumu. Tena muda una mwisho wake: kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, shauri la kuvunja mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Anayekaa kimya kwa haya akizidi muda huo huweza kuikuta haki yake imefungiwa nje.

Lakini ipo suluhu ya namna nyingine. Shauri linapokuwa tayari limefunguliwa, wahusika wana ruhusa ya kupatana wakati wowote kabla ya hukumu. Bali sheria yenyewe inawahimiza: tangu mwaka 1994 kanuni zimeingiza upatanishi ndani ya mwenendo wa mashauri ya madai, na Katiba ya nchi, ibara ya 107A, inazitaka mahakama kukuza usuluhishi baina ya wenye migogoro. Wakipatana, huandika hati ya maridhiano, hutia saini, na kuiwasilisha mahakamani. Hakimu akiridhika kwamba makubaliano ni halali huyaandika katika kumbukumbu na kutoa tuzo kwa mujibu wake.

Tofauti ya karatasi hizi mbili ni kubwa. Hati iliyokwisha kuwa tuzo ya mahakama haihitaji kufunguliwa shauri jipya mdaiwa anapoacha kulipa. Mdai hurudi katika jalada lile lile na kuomba hukumu ikazwe, na muda wa kuomba ni miaka 12. Wala mdaiwa hawezi kukata rufaa ya kawaida kwa kusema kwamba sasa amebadili mawazo, kwa kuwa tuzo hiyo ilitolewa kwa ridhaa yake. Akitaka kuipinga itamlazimu athibitishe mambo mazito, mfano wa udanganyifu.

Tahadharini na mtego mmoja. Wako watu waliofungua mashauri yao, wakafuatwa nyumbani na wazee, wakapewa awamu ya kwanza mkononi, wakaenda mahakamani kuliondoa shauri kwa furaha bila ya makubaliano kuandikwa na hakimu. Mwezi wa pili malipo yakakoma, nao wakabaki na karatasi kama ile yetu. Ndugu zetu, patana, sameheana, lakini usiliondoe shauri kabla suluhu yenu haijaingia katika kumbukumbu za mahakama.

Siku ya kukaza hukumu

Turudi kwa yule mama. Safari hii tulimpeleka kwa wakili, na swali la kwanza la wakili lilituaibisha: "Nani msimamizi wa mirathi?" Hapakuwa na yeyote. Kumbe hata saini ya mama katika karatasi yetu ilikuwa na kasoro, kwa kuwa mali ya marehemu hudaiwa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Ikabidi aende kwanza Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo, akateuliwa. Kisha shauri la milioni 36 zilizobaki katika deni kamili la milioni 48 likafunguliwa Mahakama ya Wilaya.

Likaenda kwenye upatanishi, na mshirika hakubisha. Wakaafikiana alipe deni lote bila ya kupunguziwa, kwa milioni 2 kila mwezi, miezi 18. Wakaweka sharti kwamba akikosa awamu mbili mfululizo, deni lote lililobaki litaiva siku hiyo hiyo. Hakimu akaandika, tuzo ikatoka.

Alilipa awamu tano, kisha ikapita miezi mitatu mfululizo bila ya malipo. Mama akaomba hukumu ikazwe kwa milioni 26 zilizobaki, na mshirika akaitwa aje aeleze kwa nini isikazwe. Akasimama na kudai kwamba kuna milioni 4 alizompa kaka wa yule mama mkononi, nje ya mahakama. Hakuwa na stakabadhi, wala hakuzitaarifu mahakamani. Na kanuni katika hili ni ngumu: malipo ya nje yasiyothibitishwa mbele ya mahakama hayahesabiwi wakati wa kukaza hukumu. Angeweza kuzipoteza zote.

Mama yule akaomba kusema. Akasema: "Mheshimiwa, milioni 2 zilinifikia. Hizo nyingine sizijui." Hakimu akapunguza milioni 2, deni likabaki milioni 24.

Tulikuwa tumeketi nyuma, na maneno yale yakatuingia. Hakuna aliyemlazimisha kuyasema. Tulikumbuka hadithi ya Ummu Salama (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) alitahadharisha kwamba yeye ni mwanadamu na huhukumu kwa anachokisikia, na kwamba anayekatiwa haki ya nduguye kwa ufundi wa maneno amekatiwa kipande cha moto. Hukumu ya hakimu haiifanyi haramu kuwa halali. Kwa hiyo mdai aliyelipwa mkononi ni wajibu wake kuitaarifu mahakama, hata kama karatasi inamruhusu kunyamaza.

Amri ikatoka, dalali wa mahakama akalikamata lile lori. Siku chache kabla ya mnada mshirika alileta milioni 24 zote, na gharama za dalali juu yake. Fedha ambazo kwa miaka miwili hazikuwapo, zilipatikana ndani ya wiki mbili.

Asiyeweza na asiyetaka

Asije mtu akatuelewa vibaya akadhani kwamba tunawahimiza Waislamu wakimbizane na madalali. Sheria ya Mwenyezi Mungu imewatenganisha watu wawili: asiyetaka kulipa na asiyeweza kulipa. Wa kwanza tumekwisha kumtaja. Ama wa pili, Suratul-Baqara, aya ya 280, inaamrisha kwamba mdaiwa aliye katika dhiki asubiriwe mpaka afarijike, na kumwachia kabisa kama sadaka ni bora zaidi. Na Muslim amepokea kwamba anayempa muda mwenye dhiki, au kumwondolea deni, Mwenyezi Mungu atamweka katika kivuli chake.

Muslim amepokea pia kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) habari ya mtu aliyepata hasara katika matunda aliyoyanunua, madeni yakamlemea. Mtume (S.A.W.) akawaambia watu wamchangie, wakachanga, lakini mchango haukutosha kulipa deni lote. Akawaambia wadai wachukue kilichopatikana, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Humo mna mafunzo mawili: kwamba mali ya mdaiwa huchukuliwa kulipia deni, na kwamba mtu hakamuliwi kitu asichokuwa nacho.

Inapendeza kuona kwamba Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai nayo haikuliacha jambo hili. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake havikamatwi. Vyombo vya kazi vya fundi havikamatwi, wala zana za mkulima. Imeikinga pia nyumba anayoishi yeye pamoja na mke na watoto wanaomtegemea. Na ingawa mahakama inaweza kumpeleka mdaiwa gerezani kama mfungwa wa madai, kwa muda usiozidi miezi 6, inaweza kukataa kufanya hivyo ikiona kwamba kilichomzuia kulipa ni umasikini. Mdai anayeomba mwenziwe afungwe ndiye anayetoa posho ya chakula chake humo gerezani, na kutoka kwake hakufuti deni. Tunawanasihi wadai: kabla ya kuomba mtu afungwe, jiulizeni kama yule anayefungwa anakataa kulipa, au hana.

Nawe uliyedaiwa na mkono umekuwa mfupi kweli, usikimbie. Anayezima simu hawezi kutofautishwa na tapeli. Mwendee mdai wako kabla ya siku ya awamu kufika, mwoneshe hali yako, mwombe mpange upya, na mpango huo mpya upelekwe mahakamani uandikwe. Akiridhia mdai, mahakama ina uwezo wa kuamuru malipo yagawanywe upya. Kuomba muda mapema ni uungwana. Kunyamaza mpaka dalali abishe hodi ni kumlazimisha ndugu yako awe mkali.

Yaandikwe nini

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul-Baqara, imehusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Hivyo basi, familia inayofikia suluhu izingatie yafuatayo.

Deni kamili litajwe kwa tarakimu na kwa maneno, na mdaiwa akiri. Kila awamu iwe na tarehe yake na kiasi chake, maana "nitalipa mambo yakikaa sawa" si tarehe. Malipo yapite benki, au kwa simu, au kwa stakabadhi iliyotiwa saini, hata baina ya mtu na shemeji yake. Kukiwa na mirathi ndani yake, atie saini msimamizi, na haki ya mayatima isipunguzwe hata senti. Mrithi mtu mzima ana hiari ya kusamehe fungu lake yeye, lakini mlezi hana ruhusa ya kugawa msamaha kutoka katika mali ya mtoto. Suratun-Nisaa, aya ya 10, imetaja moto matumboni mwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma, nasi tuliokuwa wasuluhishi tulikaribia mno kuwapakulia wengine.

Awekwe mdhamini ikiwezekana. Kadhia ya Abu Qatada (R.A.) inajulikana: Mtume (S.A.W.) alijizuia kumswalia maiti aliyekufa na deni la dinari tatu, mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Mdhamini si mapambo ya hati. Anaposaini, deni limekuwa lake pia.

Ama adhabu ya kuchelewa, hapa wengi huteleza. Wapo wanaoandika kwamba akichelewa ataongeza asilimia kadhaa kila mwezi. Hiyo ndiyo riba ya zama za ujahili, ya kumwambia mdaiwa alipe au azidishe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1990, lilipotoa uamuzi kuhusu mauzo ya awamu, lilikataza ziada yoyote juu ya mdaiwa aliyechelewa, hata kama ilishurutishwa. Lakini likajuzisha kushurutisha kwamba akichelewa, awamu zilizobaki ziive kabla ya wakati wake. Sharti hilo ndilo lililomwokoa mama yule. Vilevile, kwa kuwa hukumu za fedha kwa desturi huambatana na riba, hati yenu iseme wazi kwamba wahusika wamekubaliana pasiwe na riba.

Na kama mdai anataka kusamehe sehemu ya haki yake, deni zima libaki limeandikwa, naye aahidi kuisamehe sehemu hiyo siku atakapopokea awamu ya mwisho. Hivyo ukarimu wake utakuwa zawadi kwa aliyetimiza, na hautakuwa chambo kwa aliyekusudia kukimbia.

Jambo la mwisho ni kwamba haya tuliyoyataja ya kimahakama yanahusu Mahakama za Wilaya, za Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu kwa Tanzania Bara. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake yenyewe. Kwa hiyo mwenye shauri amwone wakili, au watoa msaada wa kisheria, kabla ya kuchukua hatua.

Hatima

Yule mshirika hakuhama msikiti. Kwa majuma kadhaa aliswali pembeni na kutoka kabla ya watu, kisha akarudi katika safu yake. Siku moja baada ya Swala ya Alasiri alitushika mkono, akasema: "Shekhe, mngenibana mapema, nisingefika kule."

Neno lile hatutalisahau. Mtume (S.A.W.) alituamrisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Anas (R.A.), tumsaidie ndugu yetu akiwa amedhulumiwa na hata akiwa ndiye dhalimu. Masahaba walipouliza vipi atasaidiwa dhalimu, akawafahamisha kwamba ni kwa kuuzuia mkono wake usidhulumu. Sisi tulidhani kwamba kwa kumzuia mjane asiende mahakamani tunamsitiri ndugu yetu. Kumbe tulikuwa tunamwacha azidi kutumbukia, na lau angekufa katika mwaka ule angekufa na mali ya mayatima shingoni. Amri ya mahakama ilimfanyia wema ambao sisi wazee wake tulishindwa kumfanyia.

Basi enyi wasuluhishi, maimamu, wazee wa mitaa na wakuu wa koo: mnapomwomba mdai apunguze, msifunge kikao mpaka mmemgeukia na mdaiwa. Na akiahidi kisha asitekeleze hali ya kuwa ana uwezo, msimwambie mwenye haki avute subira. Fuatana naye mpaka mlango wa haki, muwe mashahidi wa yale mliyoyaandika kwa mikono yenu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafariji wenye dhiki ya madeni, awalainishe nyoyo wenye uwezo walipe kabla ya kudaiwa, awalinde mayatima wetu, na atusamehe sisi pale tulipokosea kwa kudhani tunasuluhisha.

Wabillahi tawfiq.